Makaburi Makubwa Yasiyo na Mfalme

Kaburi la Quoyness, katika kisiwa cha Sanday huko Orkney, kaskazini kabisa mwa Uskoti, haliingiliki kwa kutembea wima. Mtu hupiga magoti na kutambaa kwenye ujia mwembamba ambao, ulipojengwa, ulikuwa na urefu wa mita 9 hivi. Mwisho wa ujia paa linapanda ghafla. Umo ndani ya chumba cha mita 4 kwa 2, kuta zake zikienda juu hadi mita 4, hakuna boriti wala chokaa. Kila safu ya mawe bapa imejitokeza ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, mpaka kuta mbili zinakaribiana kule juu. Chini, kwenye kuta, kuna vimilango sita, kila kimoja cha kijichumba chake. Ndani ya kaburi hilo ilipatikana mifupa ya watu wazima wapatao 10 na watoto wanne au watano, imechanganyika, wala hakuna aliyetengewa nafasi ya heshima kuliko mwenzake. Juu ya yote limerundikwa tuta kubwa la mawe. Kazi hiyo ilifanywa yapata miaka 5,000 iliyopita, na watu waliolima shayiri, wakafuga ng'ombe na kondoo, na hawakuwa na chombo hata kimoja cha chuma.

Wachimbaji wa kwanza waliingia humo mwaka 1867. Aliyelichimba upya mwaka 1951 na 1952 alikuwa mtoto wa kasisi wa Kanisa la Mtakatifu Thomas, North Sydney, Australia. Huyo ni Vere Gordon Childe, aliyezaliwa mwaka 1892, akasoma Kilatini, Kigiriki na falsafa katika Chuo Kikuu cha Sydney, kisha akaenda Oxford. Aliporudi nyumbani mwaka 1917 alipinga vijana kulazimishwa kwenda vitani, na msimamo huo ukamkosesha kazi chuoni. Akawa katibu wa John Storey, kiongozi wa chama cha Labour aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa jimbo la New South Wales, na mwaka 1921 akaondoka Australia. Miaka sita baadaye alikuwa profesa wa akiolojia Edinburgh. Ni yeye aliyeifundisha dunia kuita mwanzo wa kilimo na ufugaji mapinduzi, na ni yeye aliyesimamia uchimbaji wa kijiji cha Skara Brae huko Orkney kati ya 1928 na 1930.

Ninaanzia Sydney kwa sababu swali la makaburi haya, yaani nani aliyeyajenga na yanatuambia nini juu ya waliojenga, limejibiwa kwa muda mrefu na watu waliotoka katika chuo hicho kimoja. Majibu yao yalisafiri mbali. Yalifika Afrika, na huku yalifanya madhara ambayo bado tunaishi nayo.

Wa kwanza ni Grafton Elliot Smith, mzaliwa wa New South Wales aliyesomea udaktari Sydney kabla ya kwenda kufundisha Cairo mwaka 1900. Kule alichunguza maiti nyingi zilizohifadhiwa na Wamisri wa kale, na kazi hiyo ikamteka akili. Mwaka 1914 wanasayansi wa Uingereza walifanya mkutano wao Australia. Elliot Smith akaiona, katika makumbusho ya Macleay pale chuoni Sydney, maiti iliyokaushwa kutoka visiwa vya Torres Strait. Akashikilia kwamba namna ilivyohifadhiwa isingeweza kubuniwa mara mbili duniani. Mwaka uliofuata alitoa kitabu akieleza kwamba uhifadhi wa maiti, ibada ya jua na ujenzi wa mawe makubwa vilitoka Misri na kusambazwa na mabaharia hadi pembe zote za dunia. Kwa mtazamo huo mkulima wa Orkney hakubuni kitu. Alipokea tu.

Wa pili ni Raymond Dart, naye daktari wa Sydney, aliyefanya kazi chini ya Elliot Smith mjini London kabla ya kuhamia Johannesburg. Afrika ina deni kwake. Mwaka 1925 alitangaza fuvu la mtoto wa Taung na kusema kwamba asili ya binadamu ni bara hili, wakati wakubwa wa taaluma yake walikuwa wanatazama Asia na Ulaya. Lakini mtu huyo huyo aliyeiona Afrika kuwa chimbuko la binadamu hakuweza kuamini kwamba Waafrika walijenga Zimbabwe Kuu. Alipenda kuwaza wageni waliokuja kwa meli zamani za kale. Gertrude Caton-Thompson alipochimba pale mwaka 1929, akaeleza kwenye mkutano wa wanasayansi Afrika Kusini kwamba kuta zile ni kazi ya Waafrika wa karne za kati, Dart alisimama na kumpinga kwa hasira. Caton-Thompson alikuwa na vigae, shanga na tabaka za udongo. Dart alikuwa na mazoea ya chuo chake. Hata hivyo serikali ya walowezi ya Rhodesia iliendelea kuishikilia hadithi ya wageni karibu hadi siku yake ya mwisho.

Childe ndiye wa tatu, na kwake mambo si mepesi. Hoja ya Misri kuwa mama wa kila kitu aliikataa, lakini naye aliamini kwamba mwanga ulitoka Mashariki ya Kati kwenda Ulaya. Makaburi ya mawe ya pwani ya Atlantiki aliyaona kama alama ya dini mpya iliyopelekwa na watu wa mfano wa wamisionari, wakifuata bahari kutoka Mediterania: Hispania, Ufaransa, Ireland, mpaka Orkney. Orkney ikawa kituo cha mwisho, mahali ambapo mambo hufika yakiwa yamechelewa na kuchakaa. Hakuwa na njia ya kupima umri. Alilinganisha umbo la chungu na umbo la kaburi, akapanga vizazi kwa kufuata tarehe za Misri kwa sababu ndizo pekee zilizoandikwa.

Kilichoibomoa hoja hiyo ni kemia. Mwaka 1949 Willard Libby na wenzake wa Chicago walitangaza tarehe za kwanza zilizopatikana kwa kupima kaboni 14 iliyobaki katika mfupa au mbao. Miaka ya 1960 vipimo hivyo vilisahihishwa kwa pete za miti mikongwe, na tarehe za Ulaya zikarudi nyuma kwa karne nyingi. Makaburi ya kwanza ya Orkney yalijengwa kabla ya mwaka 3000 KK. Piramidi kubwa ya Giza ni ya takriban mwaka 2560 KK. Mwanafunzi hawezi kumtangulia mwalimu kwa miaka mia kadhaa. Colin Renfrew aliyaeleza hayo mwaka 1973 katika kitabu kilichofunga mjadala wa wamisionari wa baharini. Childe hakuyaona. Alirejea Sydney mwaka 1957, chuo chake kikampa shahada ya heshima mwezi Aprili, na tarehe 19 Oktoba akafa kwa kuanguka kutoka jabali la Govetts Leap, katika milima ya Blue Mountains alikokulia. Barua aliyoiacha, iliyochapishwa mwaka 1980, inaonyesha alikuwa ameamua.

Wageni walipoondolewa kwenye jibu, ilibidi wenyeji waangaliwe upya. Sababu moja iko miguuni mwao: mwamba wa Orkney hupasuka wenyewe kuwa mabamba yaliyonyooka, na miti visiwani ilikuwa haba. Ukiwa na jiwe la namna hiyo unajengea kila kitu. Skara Brae nyumba ni za mawe, vitanda ni vya mawe, hata kabati la vyombo linalomkabili anayeingia mlangoni ni la mabamba ya mawe. Ramani ya Quoyness inafanana na ya nyumba hizo, chumba cha kati na vijichumba pembeni, na vitu vilivyopatikana kaburini ni ndugu wa vile vya kijijini. Waliozikwa humo walikuwa watu wa nyumba zile.

Jiwe linaeleza jinsi walivyojenga, halielezi kwa nini. Hapa Childe, aliyekosea kuhusu chanzo, aliona jambo ambalo kwangu ndilo bora katika kazi zake zote za Orkney. Kisiwa cha Rousay, ambacho ni kidogo tu, kina makaburi ya aina hii yapatayo 15. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Childe aliyapanga kwenye ramani, akaona kwamba yametawanyika sambamba na ardhi inayolimika, karibu sawasawa na mashamba ya wakulima wa siku zake. Kila kipande cha shamba na wafu wake. Anayelima hawezi kuhama kila msimu kama anayewinda. Anasubiri mavuno, anarithi mipaka, anagombana na jirani. Kaburi kubwa linaloonekana kutoka baharini linasema sisi tuko hapa, na baba zetu walikuwa hapa. Wazo hilo Renfrew alilichukua na kulikuza, na mpaka leo ndilo msingi wa karibu kila maelezo ya makaburi haya.

Renfrew mwenyewe alichimba kaburi la Quanterness kati ya 1972 na 1974, akapata vipande vya mifupa 12,600 na kuhesabu watu wasiopungua 157, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Kaburi la Isbister, aliloligundua mkulima Ronald Simison kwenye shamba lake mwaka 1958, lilitoa mifupa kama 16,000. Waliohesabu baadaye kwa mbinu kali zaidi wamepunguza idadi ya watu, lakini sura haijabadilika. Mafuvu yamepangwa kando, mifupa mirefu kwingine, na ni nadra mwili wa mtu mmoja kupatikana ukiwa kamili. Aliyekufa alipoteza umbo lake akawa sehemu ya wote. Isbister ilipata umaarufu kwa mifupa ya tai wa baharini, watu wakasema ni ndege wa ukoo. Vipimo vya kaboni vikaonyesha tai hao waliwekwa humo karne nyingi baada ya kaburi kujengwa. Kaburi lililotumika miaka mingi hivyo lina historia zaidi ya moja, na kila kizazi kiliingia na jambo lake.

Je, walikuwa na wakubwa? Childe, aliyekuwa Mmarx, alizitazama nyumba za Skara Brae, zote karibu sawa, akaona jamii isiyo na bwana. Renfrew aliridhika na jibu hilo kwa makaburi madogo, lakini Maeshowe ilimpa shida. Hilo ni kaburi la ufundi wa juu kuliko yote ya Orkney, lenye mabamba ya tani nyingi na ujia unaopokea mwanga wa jua linapozama siku fupi za Desemba. Renfrew alipokadiria saa za kazi zilizohitajika, alifikia hitimisho kwamba lazima kulikuwa na mtu mwenye sauti ya kuwakusanya watu. Vinasaba vimeongeza uzito upande huo, angalau kwingineko. Mwaka 2020 watafiti wa Ireland walitangaza kwamba mtu aliyezikwa katika kaburi la Newgrange alizaliwa na wazazi wenye undugu wa damu wa karibu kabisa, jambo ambalo katika historia huruhusiwa zaidi katika nasaba za watawala. Miaka miwili baadaye kaburi la Hazleton North, kusini magharibi mwa Uingereza, lilisomwa kama shajara ya ukoo: kati ya watu 35 waliopimwa, 27 walikuwa wa nasaba moja ya vizazi vitano, iliyoanzia kwa mwanamume mmoja na wanawake wanne.

Mimi sioni kwamba ushahidi huu unamrudisha mfalme Orkney. Newgrange ni Newgrange. Hoja ya saa za kazi, hasa, inanisumbua, kwa sababu inadhani kwamba watu wengi hawawezi kubeba jiwe zito mpaka mmoja awe na kiboko mkononi. Yeyote aliyewahi kushiriki msaragambo wa kujenga shule kijijini, au aliyeona nyumba ikiezekwa kwa siku moja na majirani wanaolipwa uji na nyama, anajua kwamba kazi kubwa huhitaji mpango na chakula. Kwa kujibu hoja hiyo hatuna haja ya kubaki Uskoti. Jibu lililo na nguvu zaidi liko Kenya.

Magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam North, kuna jukwaa la mviringo lenye kipenyo cha mita kama 30, limezungushiwa na kufunikwa kwa mawe, na kando yake zimesimama nguzo za mwamba mweusi wa volkano zilizoletwa kutoka umbali wa kufikia kilomita moja. Kwa muda mrefu zilionekana nguzo tu. Timu iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, wakiwemo Purity Kiura na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ilichimba sehemu ndogo na kupima iliyobaki kwa rada inayopenya ardhini. Chini ya jukwaa walikuta shimo pana la kiasi cha mita za mraba 120, lililochimbwa kwenye mchanga wa ufuo wa kale hadi kwenye mwamba, na ndani yake wafu waliolazwa kwa kubanana. Makadirio yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, ni watu wasiopungua 580. Matumizi ya mahali hapo yalianza yapata miaka 5,000 iliyopita na yakaendelea kwa karne kadhaa. Kwa maneno mengine, wakati watu wa Orkney wanapanga mabamba ya Quoyness, watu wa Turkana walikuwa wanaburuta nguzo zao, na hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Wafu wa Lothagam ni wanaume na wanawake, wazee, vijana na watoto wachanga. Karibu kila mmoja ana pambo: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, vipuli vya mawe ya rangi, bangili za meno ya kiboko. Mmoja alizikwa na pambo la meno 405 ya panya wa jangwani, yaliyohitaji panya wasiopungua 113. Fikiria mikono iliyowatega panya hao, ikayang'oa meno madogo kama punje za mtama na kuyapanga yakae sawa. Kazi yote hiyo kwa mtu mmoja, na bado watafiti hawakuona kundi la matajiri upande huu na maskini upande ule. Watoto wamepambwa kama wakubwa. Orkney walifuta tofauti kwa kuchanganya mifupa. Turkana walimwachia kila mtu mwili wake na pambo lake, wakahakikisha hakuna anayekwenda bila kitu.

Sababu ya kujenga inaonekana vizuri zaidi Turkana kuliko Orkney. Karne zile mvua zilikuwa zinaondoka Afrika kaskazini na mashariki. Sahara ilikuwa inakauka, na ziwa lilishuka kwa makumi ya mita, likiacha ufuo wake mbali na maji. Wavuvi waliona samaki wakikimbia, na wakati huohuo ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuwa wanaingia bondeni pamoja na watu wapya. Mfugaji anatawanyika kufuata malisho. Majirani zake wanabadilika kila mwaka, na kesho atahitaji kuazima dume au kuomba kisima kwa mtu asiyemjua. Nguzo zilizosimama mahali pamoja ziliwapa pa kukutana, kuzika na kuahidiana. Ukiuliza chifu yuko wapi katika mpango huo, huna pa kumweka. Mazingira yalipotulia ziwa likiwa dogo, wakaacha kuzika pale, na walilifunika shimo kwa mawe kwa utulivu kabla ya kuondoka.

Naongeza tahadhari moja. Nguzo za Kalokol, kaskazini zaidi kwenye ufuo uleule, zilivuma mwaka 1978 pale watafiti wawili waliposema zimepangwa kufuata nyota zilizotumika katika kalenda ya Wakushi. Baadaye ikaonekana kwamba mwamba wa nguzo zenyewe una sumaku na huisogeza sindano ya dira, na vipimo vikabidi virudiwe. Jua la Maeshowe hujionyesha lenyewe kila Desemba. Nyota za Kalokol zilihitaji dira, na dira ilidanganywa na jiwe.

Watu wa pwani tutaitambua hoja ya wageni wajenzi, maana tumelishwa. Misikiti ya Kilwa, nyumba za Gedi, makaburi ya nguzo ya Malindi, Kunduchi na Kaole, yote kwa muda mrefu yaliandikwa kama kazi ya walowezi kutoka ng'ambo. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ulionyesha msikiti wa mawe umesimama juu ya msikiti wa udongo, nao juu ya wa miti, mahali palepale, tangu karne ya 8. Vinasaba vilivyotangazwa mwaka 2023 vinaonyesha kwamba waliozikwa katika miji ya pwani hii walikuwa na damu ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Uajemi kwa upande wa baba. Undugu huo ni wa kweli. Haumpi baba peke yake hati ya ujenzi.

Australia yenyewe ina la kujibu. Wakati Elliot Smith anatafuta Misri katika maiti ya Torres Strait, mitego ya samaki ya Brewarrina, kuta za mawe zinazojaza mto Barwon, ilikuwa katika jimbo lake la kuzaliwa, kazi ya wenyeji wa asili wasio na shamba wala mfalme. Na mwaka 1974 Jim Bowler alimkuta Mtu wa Mungo, aliyezikwa kwa udongo mwekundu miaka ipatayo 40,000 iliyopita kando ya ziwa lililokauka magharibi mwa jimbo. Mifupa ilipelekwa Canberra. Novemba 2017 ilirudishwa kwa gari la maiti, ndani ya jeneza la mti wa kale, na mwaka 2022 ikazikwa upya, wazee wengine wakikubali na wengine wakipinga namna ilivyofanywa. Jambo hilo halijawahi kumkabili mchimbaji wa Orkney: watu walio hai wanaosema huyu ni wetu, na kwamba maana ya kaburi haiamuliwi maabara. Orkney ukoo wa wajenzi ulififia; vinasaba vya kijiji cha Links of Noltland vilionyesha mwaka 2022 kwamba katika zama za shaba wanawake wengi walikuwa wametoka nje ya visiwa. Turkana iko katikati. Wanaochunga mbuzi pembeni mwa nguzo leo wana masimulizi yao juu yake, na mtafiti anayepita bila kuwasikiliza anarudia kosa la Sydney kwa vifaa bora zaidi.

Maeshowe, Skara Brae na duara mbili za mawe za jirani ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999. Ziwa Turkana liko katika orodha hiyo tangu 1997, lakini kinacholindwa ni hifadhi ya Sibiloi na visiwa viwili, kwa ajili ya mamba, ndege na mabaki ya viumbe wa kale. Lothagam iko ng'ambo ya pili ya maji, nje ya mpaka huo. Kwa ushahidi uliopo, Kenya ina kila sababu ya kuiombea nafasi yake, na kuiweka katika vitabu vya darasa la historia kabla ya piramidi.